Siku Ambayo Jembe Hulala

Afisa wa kilimo aliyekuja kutufunza kupanda pojo kwa mistari hakuanza na pojo. Alishika kijiti, akachora miduara miwili kwenye mchanga chini ya mwembe wetu, mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake. "Hii ndiyo siku yenu, mchana na usiku wake," akasema. "Nionyesheni saa zenu zinakwenda wapi." Akatuachia kokoto, vijiti na majani, naye akenda kukaa kando.

Wanaume walimaliza mapema. Kulima asubuhi, kijiti kimoja. Kuhamisha mbuzi, kijiti kingine. Kuanzia saa nane mchana duara lao likajaa majani ya mwembe: kujinyosha kidogo, bao, kwenda mangwe kunywa mnazi na kuzungumza. Sisi tulibishana mpaka tukakosa mahali pa kuweka kokoto. Kuamka saa kumi na moja, maji, uji, kufagia, shamba, kuni, kuchuma mboga, kupika, vyombo, shamba tena, kuku, maji tena, kupika tena, kuogesha watoto, kupukuchua mahindi usiku kwa mwanga wa taa.

Afisa akatazama duara letu, akauliza, "Na kupumzika, mwapumzika saa ngapi?"

Kimya. Kisha jirani yangu, mama wa watoto sita, akasema taratibu, "Mimi ni nikienda kisimani."

Hakuna aliyecheka. Sote tulijua anasema kweli.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Sasa nakaribia hamsini. Shamba letu liko upande wa Ganda, ukitoka mji wa Malindi kuelekea bara: ekari tatu za mahindi, mihogo, kunde na pojo, minazi ishirini na kitu, na mikorosho miwili mizee. Neno lile la jirani yangu limekaa nami miaka yote hii.

Kisima kilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Kwenda, mtungi mtupu kichwani, mikono inaning'inia, hakuna anayekuita. Mtoto mdogo umemwachia dadake. Kule unakuta foleni, na katika foleni ile hakuna wa kukulaumu kwa kusimama, maana maji hayaharakishwi. Yachuruzike yenyewe, ndipo uteke. Basi mwakaa juu ya mitungi iliyolazwa, mwazungumza. Nani kajifungua, nani kaolewa, nani kapigwa na anahitaji mahali pa kulala usiku huu. Pale ndipo nilipojifunza nyimbo nyingi ninazozijua. Kurudi ni lita ishirini kichwani na shingo inauma, lakini lile la kwenda na lile la kungoja lilikuwa letu.

Ndivyo yalivyokuwa mapumziko yetu yote: yamevaa nguo za kazi. Mwanaume wa pwani ana neno lake, kubarizi. Akikaa mbele ya nyumba jioni anapunga upepo, jina la jambo lile lipo na heshima yake ipo. Ana baraza, ana mangwe, ana kivuli cha duka. Mwanamke wa shamba akionekana amekaa tu, swali la kwanza ni kama anaumwa. Kwa hiyo hukai tu. Unakaa na makuti.

Makuti nayajua vizuri, yamenisomeshea watoto. Hoteli na nyumba za wageni za Malindi na Watamu zinaezekwa kwa makuti ya viungo, na mengi yake hushonwa na wanawake chini ya miembe kama yetu. Unachukua upapi, yaani ufito, unaukunjia majani ya mnazi moja baada ya moja, unayashona yasiteleze. Mikono ikishazoea, macho yanakuwa huru na mdomo unakuwa huru. Wanawake wanne wakishona makuti, mpita njia husema wanapiga soga. Wao wenyewe watakwambia wako kazini. Wote wawili wana haki. Mimi nilipenda sana saa zile, na bado nazipenda. Ila mgongo haujui kwamba unapiga soga. Mgongo unajua umeinama tangu saa nane.

Mahali pengine tulipopumzikia, na hili nalisema kwa uzito, ni matangani. Kwetu Wagiriama kuna hanga itsi, matanga mabichi, na baadaye hanga ivu, yaliyoiva. Mtu akifa, mwanamke anaruhusiwa kutoka nyumbani bila kuulizwa, alale kwa wenzake, aimbe usiku kucha, acheze mwanzele huku kayamba zikilia. Jembe linaachwa pembeni kwa siku kadhaa na hakuna wa kusema neno. Nakumbuka nilipokuwa bado mwari mpya kwa wakwe, nikisikia kilio upande wa pili wa bonde, kabla ya huzuni kufika moyoni, mwili ulikuwa umeshapata nafuu. Nilijichukia kwa hilo. Miaka ilipita ndipo nikamwambia mwenzangu mmoja, naye akaniambia hata yeye.

Aliyenipa njia ya kuelewa haya ni nyanya yangu, mamake mama. Alikuwa hajui alizaliwa mwaka gani lakini alijua alizaliwa siku gani, kwa sababu siku ile ndiyo iliyompa jina. Wagiriama wa zamani walikuwa na wiki ya siku nne, na ya nne ni Jumwa. Msichana akizaliwa siku hiyo huitwa Jumwa. Wako wengi hadi leo na baadhi hawajui jina lao linatoka wapi. Siku hiyo jembe halikushikwa.

"Hata kama magugu yamefika kiunoni?" nilimuuliza.

"Mwanangu, magugu ndiyo hayamaliziki. Ukingoja yaishe ndipo ukae, utakaa kaburini."

Nikataka kuambiwa kwamba zamani wanawake walikuwa wakipumzika kweli kweli, akanikatiza. Kwani moto wa Jumwa ulijiwasha? Watoto walijilisha wenyewe? Alinieleza kwamba mahindi yalitwangwa siku iliyotangulia, kuni zikawekwa akiba, na chakula cha Jumwa kikawa chepesi. Mchana wanawake walitembeleana, wakaenda sokoni hata kama hawana cha kuuza, na jioni kukawa na ngoma. Jikoni waliingia. Shambani hawakuingia. Na tofauti kubwa, alisema, ni kwamba siku ile ilikuwa ya watu wote, hivyo hakuna mwanamke aliyehitaji kuomba ruhusa wala kujieleza. Siku yenyewe ndiyo iliyomwombea.

Hapo ndipo nilipoona kosa letu. Sisi tulikuwa tukingoja kazi iishe. Kazi ya shamba haina mwisho: mvua za mwezi wa nne zikishuka ni kupanda, mwezi wa tano na wa sita ni palizi, mahindi yakianza kushika ni kulinda nyani na nguruwe mwitu, kisha kuvuna, kupukuchua, kuhifadhi, vuli ikija unaanza upya, na kiangazi ni korosho, maembe na makuti. Hakuna ufa. Mapumziko ya Jumwa hayakungoja ufa, yalikuja kwa hesabu ya siku, magugu yawepo yasiwepo.

Watu hudhani ngoma za wanawake wa shamba zilikuwa upuuzi wa jioni. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza ngoma ya kifudu, watu wakikusanyika kumtazama, naye akiwaambia wasitoe vijana wao kwenda kuwafanyia kazi Waingereza na wasilipe kodi ya nyumba. Alikamatwa mwaka huo huo, akapelekwa mbali hadi Kisii, naye akatoroka akarudi kwa miguu. Leo ana sanamu mjini Malindi na watoto wanapigwa picha chini yake. Mimi nikiipita nafikiria jambo moja: kama wanawake wale wasingekuwa na saa za kucheza, angewakusanya wapi? Kisimani, labda, mmoja mmoja.

Wiki ya siku nne ilizimika. Shule, kanisa na ofisi vilikuja na wiki ya siku saba, na siku ya mapumziko ikawa ya wanafunzi na wafanyakazi wa mshahara. Jumapili yangu ni kupika kwa ajili ya wageni. Jirani zangu Waislamu wanasema Ijumaa yao ni vivyo hivyo. Nayo tarehe 15 Oktoba, ambayo Umoja wa Mataifa unaiadhimisha tangu 2008 kuwa siku ya wanawake wa vijijini, hutuangukia wakati wa vuli, mbegu ziko mkononi. Tukialikwa tunakwenda, tunakaa chini ya hema, tunasikiliza hotuba. Tukirudi jua limekwisha na shimo la kupandia ni lile lile.

Kisha maji yakaja. Mabomba ya Baricho, yanayovuta maji ya Mto Sabaki kupeleka mijini, kwa miaka mingi yalitupita tukiyatazama. Siku moja kikajengwa kioski cha maji, mwendo wa dakika tano kutoka kwangu. Tulipiga vigelegele, na nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Sitaki mtu yeyote afikirie ninatamani tena kubeba mtungi dakika arobaini. Lakini miezi ikapita nikajiuliza: ile saa moja na zaidi niliyookoa kila siku imekwenda wapi? Ilikuwa imekwenda kwenye makuti. Nilikuwa nashona makuti zaidi, na nimeongeza kuku. Hakuna dakika hata moja iliyobaki wazi. Jirani yangu, yule wa kisimani, sasa alikuwa anamtuma kijana na mkokoteni. Tulikutana njiani akaniambia, "Wajua hatujaonana mwezi mzima?" Nyumba yake na yangu zinaonana.

Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba mwanamke nchini hutumia karibu saa nne na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa, na mwanaume chini ya saa moja. Niliposoma hesabu ile nilikumbuka miduara ya mchangani. Mvua iliifuta usiku ule ule, lakini ilikuwa sahihi.

Mambo haya yote nilikuwa nayo kichwani, sifanyi chochote, mpaka miaka ya ukame, 2021 na 2022. Mahindi yalikauka yakiwa magotini. Shambani hakukuwa na kazi. Ungefikiri basi tulipumzika. Hapana. Tulikaa, ndiyo, kuliko wakati mwingine wowote maishani, na sijawahi kuchoka vile. Kukosa kazi na kupumzika ni vitu viwili tofauti, na anayeviita kimoja hajalala na njaa ya watoto. Anayepumzika anajua kesho ana cha kurudia.

Mvua ziliporudi tuliamua. Tulikuwa wanawake saba. Tukasema Alhamisi, saa tisa alasiri mpaka magharibi, chini ya mwembe wangu, mikono mitupu. Hakuna makuti, hakuna ukili, hakuna kunde za kuambua.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko palizi. Mikono haikujua iende wapi. Mmoja aling'oa nyasi akaanza kusuka hapo hapo, tukamshika mkono. Mimi nilikuwa nimeficha pojo kwenye leso, upindo wa leso umefunika sinia, nikichagua vijiwe kwa vidole bila kutazama. Walipogundua niliona haya mpaka nikalia, na kulia kule kulinishangaza mwenyewe. Mavyaa yangu, mamake mume wangu, alipita na jembe begani, akatusimamia. "Leo kuna msiba gani?" akauliza. Tukasema hakuna msiba, mama. Akaguna akaendelea na safari yake.

Waume walitaka jina. Mume wangu si mkali, ila aliuliza mara tatu, "Mnafanya mkutano gani?" Nikagundua kwamba nikisema chama, anaelewa, nikisema mafunzo, anaelewa, nikisema tunakaa, anangoja sentensi iishe. Tukachoka kujieleza, tukasema ni mchezo. Hapa kwetu mchezo ni upatu, wa kuchangishana pesa na kupeana kwa zamu. Neno lenyewe ni zuri, lakini tulilisema kama uongo, na uongo ule ukatugeuka. Ili uonekane kweli tukaanza kuchanga. Kukawa na daftari, kukawa na faini ya kuchelewa. Wawili ambao hawakuwa na shilingi mia wakaacha kuja. Baadaye ofisi moja ikasikia kuna kikundi cha wanawake wanaokutana kila wiki, wakatutembelea, wakasema hizi ni saa tatu za bure, tusizipoteze, watatufundisha kutengeneza sabuni ya maji. Nilikubali mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Miezi minne tulikoroga sabuni kila Alhamisi. Ilitoa pesa kidogo, sikatai. Mpaka siku moja jirani yangu aliweka mwiko chini akasema, "Nirudishieni kisima changu." Tukaelewa bila kuelezwa. Sabuni ikahamia Jumanne kwa wanaoitaka, daftari likafungwa, wale wawili tukawafuata majumbani kwao tukawaomba warudi.

Lakini kosa kubwa halikuwa sabuni, na hili ndilo nililotaka kuliandika tangu mwanzo.

Mwalimu wa darasa la binti yangu alinikuta sokoni akaniuliza kwa nini mtoto haonekani kwenye michezo siku ya Alhamisi. Anakimbia vizuri, alisema, angeweza kuwakilisha shule. Mimi sikuwa na habari. Nikarudi nyumbani nikamuuliza. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Akanijibu bila kinyongo, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani: "Si Alhamisi mama uko mwembeni? Nani atawasha moto?" Mwaka mzima nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nikizungumza habari za mapumziko ya wanawake, na mapumziko yangu yalikuwa yamebebwa na mwanamke mwenye miaka kumi na mmoja. Kakake wa miaka kumi na minne alikuwa wapi saa hizo? Alikuwa anacheza mpira. Sikuwahi kujiuliza, hata mara moja.

Niliwaambia wenzangu Alhamisi iliyofuata. Wanne kati yetu, tulipochunguza, ilikuwa hivyo hivyo. Kulikuwa na maneno makali siku ile. Mmoja alisema wavulana hawawezi kupika, mwingine akamuuliza nani wanaopika hotelini Malindi kama si wanaume. Tukakubaliana jambo ambalo halikuandikwa popote: chakula cha Alhamisi ni cha wavulana na baba zao, na kama ni mihogo ya kuchemsha kila wiki, tutaila. Niliufuata mtindo wa nyanya yangu, kuni za Alhamisi ziwepo tangu Jumatano, unga uwe umeshasagwa. Mwanangu alipika sima mbichi mara mbili, ya tatu ikaiva. Mume wangu alitafuta visingizio mwezi mzima, kisha jioni moja nilisikia akimfundisha kijana jinsi ya kukuna nazi bila kuchubua kidole. Alikuwa anajua siku zote.

Binti yangu alikimbia msimu ule. Hakushinda. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alhamisi zetu sasa hazina la kusimulia sana. Tunasukana nywele, na hilo tuliliruhusu baada ya mabishano, kwa sababu kichwa cha mwenzako si kazi. Kuna anayeleta redio. Mara nyingine tunaimba, mara nyingine watu wawili wamegombana na hatuimbi. Jirani yangu hulala chali akatazama maembe. Anasema anajua kila tawi.

Mwezi uliopita mavyaa yangu alikuja. Kwa miaka mitatu alikuwa akitupita na jembe lake. Siku hiyo alisimama, akaliegemeza kwenye shina la mwembe, akajikunja kuketi kwenye mkeka kidogo kidogo, mkono mmoja begani kwangu. Akanyosha miguu mbele. Sijawahi kumwona amenyosha miguu mchana. Hakusema kitu. Sisi tuliendelea na mazungumzo yetu, na baada ya muda nikasikia pumzi yake imebadilika. Amelala, kichwa kimeinamia bega, leso imefunguka miguuni, nyayo zake zina nyufa zilizojaa udongo mwekundu.

Jua likashuka nyuma ya minazi, adhana ikasikika kwa mbali. Wenzangu wakainuka polepole, wakichukua viatu vyao mikononi ili wasimwamshe. Binti yangu alikuwa amerudi shuleni, amesimama mbali kidogo, bado na nguo zake za michezo.

"Mama, nimwamshe nyanya? Giza laingia, na moto haujawashwa."

"Mwache alale," nikamwambia. "Mwite kakako."